Baba ni mwalimu wa hesabu, na sisi tunamficha namba

Mama wa Safu, jambo.

Nakuandikia saa tano za usiku. Umeme umerudi na nyumba nzima wamelala. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano, na tunaishi Bagira. Baba ana miaka 67. Amefundisha hesabu sekondari hapa Bukavu kwa miaka 34, na ukitembea naye Kadutu hamuwezi kupita sokoni bila mtu kumwita "Mwalimu!" na kumkumbusha alama alizompa.

Tangu mwezi wa tatu alianza kukonda. Chakula kilimkinai, na upande wa kuume chini ya mbavu ukawa unamuuma. Shangazi akasema ni karuho, ile sumu ya siri, eti kuna aliyemtilia kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, siku ya matanga ya jirani. Kwa wiki tatu tukampa dawa za miti za kutapisha. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo tulivyofanya.

Baadaye tukaenda hospitali. Wakampiga ekografi, kisha skana ya tumbo, kisha wakamtoa kipande cha ini kikapelekwa Kigali kupimwa. Majibu yakaja kwa Kifaransa: saratani ya mirija ya nyongo iliyo ndani ya ini. Vimbe ni viwili, kimoja cha sentimita 6 na kingine cha 2. Chini wakaandika T2 Nx M0. Tena damu yake imeonekana ina hepatitisi B. Daktari, kijana mpole, aliniambia mimi peke yangu kwenye korido kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kadi. Akasema, "Ni hatua ya pili, ila ni saratani ngumu." Baba tulimwambia ini limechoka.

Mkubwa wangu anayekaa Uvira aliposikia "hatua ya pili" akafufuka. Anasema hatua ni nne, kwa hiyo tuko nusu ya njia. Anataka tuuze palaseli, yaani kiwanja na nyumba yetu, baba apelekwe India akapasuliwe. Mnunuzi yupo. Anatoa dola 18,000 kwa palaseli ambayo kabla ya vita kufika Bukavu Februari 2025 hatungeiachia chini ya 30,000. Lakini tangu benki zifungwe, mwenye dola mkononi ndiye anayetaja bei.

Mimi nilifanya kosa la kutafuta kwenye simu. Nikakuta wagonjwa wa saratani hii huishi miezi 11.7. Nikahesabu kuanzia siku ya majibu, ikaangukia mwezi wa tano mwakani. Harusi ya mdogo wetu wa mwisho ni mwezi wa nane. Hesabu hiyo sijamwonyesha mtu. Nikisita tu kuhusu palaseli, mkubwa wangu ananiambia ninamzika baba akiwa hai.

Jana jioni mama alileta bugali na sombe. Baba akala matonge mawili, akanawa, akanitazama. "Wewe ndiye uliyeongea na daktari. Juu ya ishirini, wamenipa ngapi?" Nikacheka, nikamwambia, "Baba, huu si mtihani." Yeye hakucheka. Akanituma nimletee bahasha ya karatasi za palaseli, akakaa anazipanga kufuata miaka yake mpaka saa tatu.

Mama, nimwambie ile namba? Nikubali kuuza? Au ninyamaze, Mungu afanye kazi yake? Nimechoka kuwa mtu pekee anayejua.

Mtoto wa tatu, Bagira

---

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye bahasha. Nitairudia.

Kwanza nione kama nimekuelewa. Mna karatasi moja yenye herufi tatu na namba mbili. Kwenye karatasi hiyo mkubwa wako amesoma uzima, wewe umesoma mwezi wa tano. Mwenye ini hajasomewa chochote. Na katikati ya hayo yote kuna palaseli, ambayo mtu ameipangia bei akijua mna shida.

Kuhusu dawa za kutapisha, usijipige. Shangazi yako alisema ambalo nusu ya Bukavu ingesema, na nyinyi mlitaka baba apone. Ila sasa mmejua ini ni gonjwa, dawa za miti zikae pembeni, kwa kuwa nyingine humchosha mgonjwa wa ini zaidi ya ugonjwa wenyewe. Na nyinyi watoto wote watano pamoja na mama yenu mkapimwe hepatitisi B. Huambukiza ndani ya familia, na ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya saratani hii. Asiye nayo kuna chanjo.

Mimi hesabu zilinishinda mapema, baba yako angenirudisha darasa. Kwa hiyo herufi zako nilizipeleka kwa rafiki yangu daktari wa upasuaji. Sikutaja jina wala mtaa. Alichonieleza ndicho ninachokuandikia, na ukikutana na daktari wenu mbane kwa maswali hayohayo.

T ni uvimbe wenyewe. N ni tezi za limfu zilizo jirani na ini. M huonyesha kama saratani imefika mbali: mapafuni, kwenye mifupa, kwingineko. Madaktari huziunganisha zote tatu kwenye jedwali, nalo ndilo linalotoa hatua. Kwa muda mrefu vitabu vya madaktari viliipima saratani hii kwa jedwali moja na ile saratani ya kawaida ya ini, ingawa ni magonjwa mawili yenye tabia tofauti. Jedwali lake lenyewe lilianza kutumika mwaka 2010, na ukubwa wa uvimbe haukuhesabiwa kabisa. Mwaka 2018 likaja jedwali jipya na ukubwa ukarudishwa, mstari wa kugawa ukiwa sentimita 5, lakini ni kwa mwenye uvimbe mmoja tu ambao haujaingia kwenye mishipa ya damu. Vimbe vikiwa viwili, unaandikiwa T2 moja kwa moja. Mwenye vimbe viwili vidogo kama punje za maharagwe ni T2, na baba yako mwenye kimoja cha sentimita 6 ni T2 vilevile. Wale wanaobuni majedwali haya wamekuwa wakibishana juu ya sentimita kwa miaka, nasi tunataka kuuza nyumba kwa herufi moja.

Hapo ndipo ningependa kuzungumza na mkubwa wako kwa upole, maana najua matumaini yake ni mapenzi. Hatua ya pili ya saratani hii hailingani na hatua ya pili ya saratani nyingine mliyowahi kuisikia kwa jirani. Vimbe kuwa zaidi ya kimoja ndani ya ini ni habari nzito. Wapo watafiti wa Ulaya wanaopendekeza wagonjwa ambao ini lao limeshikwa sehemu zaidi ya moja wahesabiwe pamoja na wale ambao ugonjwa umekwisha kusambaa, kwa kuwa siku zao zinafanana zaidi na za hao. Jedwali halijasema hivyo. Lakini "nusu ya njia" nalo halikusema.

Halafu kuna ile x. Ulidhani ni alama ya kupita tu, sivyo? Daktari anapoandika Nx anakiri kwamba tezi hazijulikani. Skana huweza kuzidhania, ila anayezijua kwa hakika ni yule anayezitoa na kuzipeleka maabara. Jedwali la 2018 linashauri zichunguzwe angalau 6. Tezi moja tu ikikutwa na saratani, mgonjwa anaruka kutoka hatua ya pili hadi ya tatu B, hata uvimbe ukiwa mdogo. Kwa hiyo ile "pili" mliyopewa kwenye korido imesimama juu ya kitu ambacho hakijaangaliwa.

Na M0? Umeandika skana ya tumbo. Je, kifua kilipigwa? Kama hakikupigwa, basi sufuri hiyo maana yake ni kwamba tumboni hawakuona. Swali hili ni la bei ndogo, nalo linapaswa kuulizwa kabla ya kumpigia mnunuzi simu.

Sasa nije kwako na ile miezi 11.7, ambayo umelala nayo kama jiwe chini ya mto. Naijua ilikotoka. Ni utafiti uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 2010, wenye wagonjwa 410 wa saratani za njia ya nyongo. Humo walikuwemo wa ndani ya ini, wa nje ya ini, na wa kibofu cha nyongo pia. Wote walikuwa watu ambao ugonjwa wao haungeweza tena kuondolewa kwa kisu. Nusu yao walipewa dawa moja, gemcitabine, na nusu wakapewa hiyohiyo pamoja na cisplatin. Waliopewa mbili, namba yao ya katikati ikawa miezi 11.7. Waliopewa moja, 8.1.

Muulize baba yako maana ya namba ya katikati, atakueleza kuliko mimi. Panga watu mstari mmoja, kuanzia aliyeondoka mapema hadi aliyebaki mpaka mwisho, kisha mguse aliyesimama katikati. Nusu nzima ya watu wako nyuma yake, na baadhi yao wako mbali sana. Nusu nyingine hawakufika alipo. Wewe umemchukua yule mmoja wa katikati, ukamvisha sura ya baba yako, ukampa na tarehe.

Tena angalia. Wale walipewa dawa ambazo baba yako hajaanza. Wale haikuwezekana kuwapasua, na kwa baba yako bado hakuna daktari wa upasuaji aliyetoa neno. Kwa hiyo namba hiyo inaweza kuwa fupi mno kwake. Sikufichi, inaweza pia kuwa ndefu mno. Haikutengenezwa kwa ajili yake.

Rafiki yangu aliongeza kwamba hata hatua peke yake haitoshi kukisia siku. Mwaka 2013 madaktari wa Shanghai walitoa kipimo kingine kinachojumlisha ukubwa wa uvimbe, idadi, mishipa ya damu, tezi, na vipimo viwili vya damu. Kikakisia vizuri kuliko jedwali, lakini kwa wagonjwa waliokwisha kupasuliwa. Na bado kuna yasiyoandikwa katika T wala N: anatembea? Anaoga mwenyewe? Ini lililobaki lina nguvu gani? Mtu anayekwenda mwenyewe hadi barabarani na mtu asiyeinuka kitandani wanaweza kuwa na herufi zilezile.

Basi tuangalie njia zenu. Nitazitaja kama ninavyoziona, na mtaniambia nilipokosea.

Kisu ndicho pekee kinachotoa nafasi ya kupona kabisa. Hilo ni kweli, na mkubwa wako ana haki ya kuling'ang'ania. Ila wanaofaa kupasuliwa ni wachache kati ya wanaogunduliwa. Kati ya waliopasuliwa, kama watatu au wanne katika kumi huwa hai baada ya miaka mitano, na kwa zaidi ya nusu ugonjwa hurudi. Tena lazima libaki ini la kutosha: kama robo au theluthi kwa mwenye ini zima, zaidi ya hapo kwa mwenye makovu. Hepatitisi B huweza kuacha makovu. Je, ini la baba yenu linayo? Barua yako haisemi, na sijui kama mtu ameuliza.

Hatari ninayoiogopa ni hii: palaseli iuzwe kwa 18,000, baba asafiri akiwa mdhaifu, afike huko, wampige skana ya kifua siku ya kwanza, kisha wamwambie hapasuliki. Barua za namna hiyo nimekwisha kuzipokea. Lakini picha za skana husafiri kwa bei ndogo kuliko mgonjwa. Ziombeni kwenye CD pamoja na jibu la maabara. Hospitali nyingi, iwe Kigali, Kampala, Nairobi au huko India, huweza kuziangalia kabla ya mtu kukata tiketi. Swali la kuwauliza ni moja: mkiangalia picha hizi, mngemfungua? Jibu likiwa ndiyo, mazungumzo ya palaseli yana uzito mwingine kabisa. Hasara ya kusubiri ipo nayo. Wiki zinapita, uvimbe hausubiri kikao cha familia, na mnunuzi anaweza kuondoka. Kwa hiyo picha zikitumwa, zitumwe wiki hii.

Kuna njia ya kemotherapi bila kupasuliwa. Haiondoi ugonjwa, huurudisha nyuma kwa muda, na kila mara mtu huvuka mto Ruzizi, mpakani na Rwanda, akiwa na kichefuchefu na nauli. Kwa wengine muda huo ni wa thamani kubwa. Wengine huulipa wote kwa safari. Na kuna njia ya kutuliza: maumivu yatibiwe barabara, hata kwa mofini ya kunywa, alale, ale anachoweza, akae na watu wake. Watu huiita kukata tamaa. Mimi nimewaona waliopata miezi yao mizuri humo, na nimewaona pia watoto walioichagua kisha wakajiuliza kwa miaka kama wangejaribu zaidi.

Lakini mwanangu, kabla ya njia yoyote, naomba unisaidie jambo moja. Mama yako yuko wapi katika barua hii? Umemtaja mara moja tu, akileta bugali na sombe. Palaseli hiyo ni nyumba yake pia. Mkiuza, yeye ndiye atakayeuliza alale wapi. Mkimficha, yeye ndiye anayelala pembeni ya mtu mnayemficha. Je, hajui? Au anajua kama wake wanavyojua mambo ya waume zao, na anangoja mtoto mmoja aanze?

Na sasa bahasha. Unasema baba hajui. Mtu aliyefundisha hesabu miaka 34, anayepungua uzito, aliyetolewa kipande cha ini kikavushwa mpaka, ambaye watoto wake wananong'ona wakimwona, anakaa jioni anapanga karatasi za palaseli kufuata miaka yake. Aliuliza juu ya ishirini. Ukacheka, nami nakuelewa kwa nini ulicheka. Lakini hakurudia swali. Akaomba bahasha. Labda nakosea, labda ni mzee anapanga karatasi zake tu. Wewe unamjua, mimi simjui. Nauliza tu kama kuna mtu nyumbani ambaye bado anadanganyika.

Wapo wazee wasiotaka kuambiwa, na hiyo ni haki yao. Ukimmwagia yote asubuhi moja, na lile la mwezi wa tano juu yake, huenda asinyanyue tena kijiko. Ukinyamaza, anaweza kupoteza nafasi ya kusema alichotaka kusema kuhusu nyumba aliyoijenga yeye, na wewe utabaki na siri hiyo baada yake. Kati ya hayo mawili kuna mlango mdogo: kumuuliza anataka kujua kiasi gani. "Baba, karatasi za Kigali zimefika. Unataka tuzisome pamoja, au unataka niseme tu kinachofuata, au nimpe mama?" Halafu unanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kugumu. Akisema "soma", unaweza kumsomea T2 Nx M0 bila kumpa tarehe yoyote, kwa kuwa tarehe haimo kwenye karatasi. Akisema "mpe mama", umepata jibu pia.

Na mkubwa wako, mwonyeshe hesabu yako. Nadhani anakuita mzishi kwa sababu haoni kinachokutisha. Naye hujamwuliza kinachomtisha kule Uvira usiku. Kuhusu harusi ya mwezi wa nane, zipo familia zilizosogeza tarehe, na zipo zilizoona kusogeza ni kumtangazia mgonjwa hukumu. Baba yenu akishaulizwa, huenda akawa na maoni yake kuhusu harusi ya mtoto wake wa mwisho.

Jambo moja haliwezi kungoja kikao chochote. Macho yake yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na juu yake akapata homa na kutetemeka kwa baridi, hiyo ni nyongo iliyoziba na kuingiwa na vijidudu. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, hata kama mvua inanyesha na pikipiki imepandisha bei. Mrija ulioziba mara nyingi unaweza kufunguliwa kwa kuwekewa kibomba, na mtu akarudi kula.

Niandikie wakishakujibu kuhusu kifua.

Mama wa Safu